Mchicha Usiosafiri: Tuta na Tui Uani Chumbageni

Chumbageni ni kata iliyo ndani ya Jiji la Tanga, na katika mtaa wa mjini kama huo, ambako ua wa nyumba hautoshi shamba, mchicha unastahili kupewa nafasi ya kwanza bustanini. Sababu yake si wepesi wa kuota pekee, bali ni kwamba jani lake hunyauka upesi, na vitamini C iliyomo huanza kupungua mara tu linapochumwa, hivyo mchicha bora ni ule usiosafiri.

Mchicha ni jina la jumla la mimea kadhaa ya jenasi ya Amaranthus, ambayo Waswahili wa mashariki ya Kongo huiita lengalenga, na Wakikuyu wa Kenya huiita terere. Baadhi ya spishi zake, kama Amaranthus cruentus, zina asili ya Amerika ya Kati, ambako zililimwa tangu kale kwa ajili ya nafaka yake. Katika Afrika Mashariki, hata hivyo, jani ndilo lililopewa heshima. Mmea huu hutumia njia ya kujitengenezea chakula ambayo wanabotania huiita C4, yaani uwezo wa kunasa hewa ya kaboni kwa ufanisi hata katika jua kali, bila kupoteza maji mengi, jambo linaloeleza kwa nini husitawi katika joto la mwambao ambalo hudhoofisha mboga za nchi za baridi.

Joto, hata hivyo, halitoshi bila udongo wenye nguvu. Udongo wa kichanga haushiki maji wala rutuba kwa muda mrefu, kwa hiyo samadi iliyooza vizuri huchanganywa na udongo wa juu kabla ya kupanda. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, tuta huinuliwa ili maji yasituame na kuozesha miche, ilhali katika ukavu wa kaskazi, Januari na Februari, kitalu huzamishwa kidogo chini ya usawa wa ardhi ili kila tone la kumwagilia libaki penye mizizi.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kiasi kwamba gramu moja ina zaidi ya mbegu 1,000, na ndiyo maana huchanganywa na mchanga mkavu kabla ya kusiwa katika mistari, kisha hufunikwa kwa udongo mwembamba. Miche iliyosongamana hupunguzwa, na ile iliyong'olewa huwa mboga ya kwanza. Baada ya wiki tatu hadi nne, mkulima huweza kung'oa mimea yote au kukata vilele na kuacha mashina yachipue tena, njia inayofaa zaidi familia inayohitaji kidogo kila siku chache.

Bustani ya uani ina faida nyingine, nayo ni kuyajua maji yanayotumika. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, ulibaini kuwemo kwa risasi na kadimi, metali zinazodhuru mwili, na mafunzo yake yanauhusu kila mji ambao mboga zake hunyweshwa maji ya mito na mitaro.

Jikoni, mchicha huoshwa kabla ya kukatwa, kwa kuwa jani lililokatwa huachia virutubisho vyake majini. Upishi wa mwambao huanza na kitunguu, nyanya na tui jepesi, kisha tui zito, yaani kasimile, hutiwa mwishoni na kuachwa lichemke kidogo tu. Desturi hiyo ina hekima inayothibitishwa na sayansi, kwani beta-karotini, kiini ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vyema pamoja na mafuta, na mafuta hayo yamo katika nazi. Ndimu inayokamuliwa mezani, nayo, husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo katika jani. Mchicha una pia oksaleti, chumvi zinazoshikamana na kalisi, hivyo mtu mwenye historia ya mawe ya figo hushauriwa achemshe majani na kumwaga maji yake.

Hatua ya mwisho hurudi tutani. Mashina machache yenye afya huachwa bila kukatwa hadi yachanue, na masuke yanapoanza kupukutisha mbegu yakisuguliwa viganjani, hukatwa, hukaushwa, hupurwa na kupepetwa kwa ungo. Mbegu hizo zikihifadhiwa mahali pakavu, mvua za vuli, kuanzia Oktoba, huikuta nyumba ikiwa na akiba yake, na mchicha wa msimu mpya huanza safari yake fupi ya kutoka uani hadi chunguni.