Kuvuta Kamba: Mikono Miwili Hushika, Miguu Ndiyo Huvuta

Dodoma

Katika Michezo ya Shirikisho la Michezo ya Wizara na Idara za Serikali (SHIMIWI), ikiwemo ile iliyofanyika Iringa mwaka 2023 na Morogoro mwaka 2024, kuvuta kamba ni miongoni mwa michezo inayokusanya mashabiki wengi pembezoni mwa uwanja. Mchezo huo huchezwa pia katika mashindano ya Mei Mosi na katika mabonanza ya taasisi. Tangu Serikali ilipoanza kutekeleza kwa kasi uamuzi wa kuhamia Dodoma mwaka 2016, timu nyingi za wizara zina makao yake katika jiji hili. Mazoezi yake sasa hufanyika katika viwanja vya nyanda za kati, kwenye ardhi iliyo ngumu na yenye vumbi sehemu kubwa ya mwaka.

Pamoja na umaarufu huo, wengi bado huuchukulia mchezo huu kuwa wa nguvu tu, usiohitaji kufundishwa. Mara nyingi hutafutwa watumishi wenye miili mikubwa, hupewa kamba na kuambiwa wavute. Mtazamo huo una athari mbili. Kwanza, timu yenye watu wenye nguvu hushindwa na timu yenye watu wa kawaida walioandaliwa vizuri. Pili, na hili ndilo zito zaidi, mshiriki asiyefundishwa namna ya kuishika kamba anaweza kupoteza kidole au hata mkono.

Makala haya yanaeleza namna mikono miwili inavyotakiwa kuishika kamba, kazi ya miguu na kiwiliwili, hatua za kuwafundisha wanaoanza, na tahadhari ambazo kila mwandaaji wa bonanza anapaswa kuzizingatia.

Mchezo wenye historia na kanuni

Kuvuta kamba ulikuwa mchezo wa Olimpiki kuanzia mwaka 1900 hadi 1920. Katika Olimpiki ya London ya mwaka 1908, medali zote tatu zilichukuliwa na timu za askari polisi wa Uingereza, na dhahabu ilikwenda kwa Polisi wa Jiji la London. Kwa maana hiyo, watumishi wa umma wanaokabiliana kwa kamba baada ya saa za kazi si jambo jipya duniani. Mwaka 1960 liliundwa Shirikisho la Kimataifa la Kuvuta Kamba, ambalo ndilo linalosimamia kanuni zinazofuatwa katika mashindano ya kimataifa.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, kila timu huwa na wavutaji 8. Kamba inapaswa kuwa na mzingo wa sentimita 10 hadi 12.5 na urefu usiopungua mita 33.5, isiwe na fundo wala kitanzi. Kamba huwekwa alama katikati, pamoja na alama nyingine umbali wa mita 4 kila upande. Timu hushinda mvuto pale inapoiburuta alama ya mita 4 ya wapinzani hadi ikavuka mstari wa katikati uliochorwa ardhini. Aidha, timu hupangwa kwa jumla ya uzito wa wavutaji wake, ili kikosi cha watu wazito kisikutanishwe na kikosi cha watu wepesi.

Mwamuzi hutoa amri kwa mfuatano: kuinua kamba, kuikaza, kutulia na kuvuta. Timu inaweza kuonywa mara mbili katika mvuto mmoja, na kosa la tatu huiondoa. Miongoni mwa makosa hayo ni kukaa chini kwa makusudi, kuegemeza mwili ardhini, kuifunga kamba mwilini ili isiteleze, na kuipanda kamba kwa kuhamisha mkono mmoja baada ya mwingine.

Namna ya kushika

Kanuni ya msingi ni kwamba mvutaji huishika kamba kwa mikono miwili mitupu, viganja vyote viwili vikiangalia juu. Mkono mmoja hutangulia na mwingine hufuata kwa karibu. Kamba hupita kati ya mwili na sehemu ya juu ya mkono, karibu na kwapa. Wavutaji wote wa timu hukaa upande mmoja wa kamba, ili ibaki imenyooka kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Mvutaji mmoja akikaa upande tofauti, kamba hupinda, na sehemu ya nguvu ya wenzake hupotea kwa kuyumba.

Wanaoanza wengi hugeuza kiganja cha mkono wa mbele kiangalie chini, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Namna hiyo huwalazimu kukunja viwiko na kuvuta kwa misuli ya mikono, ambayo huchoka mapema. Viganja vikiangalia juu, viwiko hukaa karibu na mbavu, mabega hushuka, na mzigo husafiri kutoka kwenye kamba kupitia mikono hadi mgongoni na miguuni. Hivyo basi, mikono hufanya kazi ya ndoano, na mwili ndio unaovuta.

Mvutaji wa mwisho, anayefananishwa na nanga ya chombo, ana utaratibu wake. Kamba hupita ubavuni, ikavuka mgongo kwa mshazari na kutokea juu ya bega la upande wa pili kuja mbele. Sehemu inayobaki hupitishwa chini ya kwapa kuelekea nyuma na nje, ikaachwa huru. Huyu naye hunyoosha mikono yote miwili mbele na kuishika kamba kwa viganja kama wenzake. Hata kwake yeye, kamba haifungwi. Inapaswa kuweza kuachiwa mara moja.

Dhana hii ya mikono miwili kuongoza na mwili kutoa nguvu haimo katika kuvuta kamba peke yake. Katika boling, mchezo wa kuviringisha tufe zito ili kuangusha pini 10, kwa miaka mingi wachezaji walifundishwa kurusha kwa mkono mmoja, na aliyetumia mikono miwili alionekana kama mtoto asiyeweza kulibeba tufe. Jason Belmonte wa Australia na Osku Palermaa wa Finland waliubadili mtazamo huo. Mkono wa pili hubaki juu ya tufe hadi karibu na kuachiwa, dole gumba haliingizwi kwenye tundu, na nguvu hutokana na mwendo wa miguu na kiwiliwili. Belmonte amekwisha kutwaa mataji makubwa 15 ya mchezo huo wa kulipwa. Funzo lililomo ni kwamba mtindo unaoonekana wa kawaida au wa ajabu hupimwa kwa namna unavyofundishwa na unavyotumia mwili, si kwa mazoea.

Kwa nini miguu ndiyo huamua

Timu mbili zinapovutana, mkazo uliopo kwenye kamba ni uleule kwa pande zote mbili. Kinachotofautisha mshindi na mshindwa ni namna kila timu inavyoisukuma ardhi. Timu inayokanyaga vizuri zaidi, bila kuteleza, ndiyo inayosogea nyuma.

Kwa sababu hiyo, mvutaji hulala nyuma mwili ukiwa umenyooka kuanzia mabegani hadi visiginoni, na nyayo hutangulia mbele ya magoti. Magoti hukunjwa kidogo tu ili yapate nafasi ya kusukuma. Hatua zinazopigwa kurudi nyuma ni fupi na za pamoja. Anayeinua mguu juu hubaki amesimama kwa mguu mmoja, na wapinzani walio makini husubiri wakati huo.

Kwa mazingira ya Dodoma, suala la kukanyaga lina uzito wa pekee. Mkoa huu hupata msimu mmoja wa mvua, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo uwanja hukauka, na juu ya udongo mgumu hutanda tabaka la vumbi linaloteleza. Timu inayojiandaa katika kipindi hicho inashauriwa kuchagua eneo lenye nyasi, kuondoa mawe na changarawe, na kuvaa viatu vyenye soli inayoshika ardhi, visivyo na vyuma vilivyochomoza.

Hatua za kufundisha

Kocha anayeanza na watumishi ambao hawajawahi kuvuta anashauriwa asiwakutanishe na wapinzani siku ya kwanza. Hatua ya kwanza ni kushika bila mzigo. Kila mmoja huishika kamba iliyolala, huinuka nayo na kuiachia, hadi viganja vizoee kuangalia juu bila kukumbushwa.

Hatua ya pili ni kulala nyuma. Kamba hufungwa kwenye mti wenye shina imara au nguzo iliyosimikwa vizuri, kisha wavutaji wawili au watatu huikaza na kubaki katika mkao huo kwa sekunde 20 hadi 30. Kocha hupita pembeni na kukagua: je, viwiko vimekunjwa? Je, kiuno kimeanguka? Je, nyayo zimetangulia magoti? Kasoro hizi hurekebishwa mapema, kwa kuwa katika joto la mashindano kila mtu hurudia alichokizoea.

Hatua ya tatu ni mdundo. Watu 8 wenye nguvu wanaovuta kwa nyakati tofauti ni sawa na watu wanane wanaovuta mmoja mmoja. Kocha husimama mahali anapoonekana na timu nzima na kuiongoza kwa ishara za mkono, kwa sababu sauti mara nyingi humezwa na kelele za mashabiki. Timu hujifunza kushikilia bila kusogea, kuvuta kwa pamoja, na kutulia tena. Uwezo wa kushikilia hupuuzwa na wengi, ingawa mvuto mwingi huamuliwa pale wapinzani wanapochoka kuvuta kitu kisichosogea.

Hatua ya nne ni kuzoea amri za mwamuzi na makosa yanayoadhibiwa, na hatua ya mwisho ni kukutana na timu nyingine. Kwa watumishi wanaokaa ofisini muda mrefu, mazoezi yaanze taratibu na yatanguliwe na kupasha mwili joto. Mvutaji afundishwe pia kupumua wakati wa kuvuta, kwa kuwa kuzuia pumzi huku mwili umekazwa hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla. Mwenye tatizo la moyo au shinikizo la damu anapaswa kumwona daktari kabla ya kujiunga na timu.

Kwa taasisi zinazotaka kocha mwenye mafunzo rasmi, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilichopo wilayani Kwimba mkoani Mwanza, hutoa mafunzo ya ukocha na uongozi wa michezo. Maendeleo ya michezo nchini husimamiwa na Baraza la Michezo la Taifa, lililoanzishwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967.

Tahadhari isiyo na mjadala

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Tarehe 25 Oktoba 1997, mjini Taipei nchini Taiwan, zaidi ya watu 1,600 walikusanyika kuvuta kamba moja katika sherehe. Kamba ilizidiwa na mkazo, ikakatika na kurudi kwa kishindo, na wanaume wawili walikatika mikono ya kushoto. Madaktari walifanikiwa kuiunganisha tena baada ya upasuaji. Mwaka 1978, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kamba ya nailoni iliyovutwa na wanafunzi zaidi ya 2,000 ilikatika, na baadhi yao wakapoteza vidole.

Matukio hayo yana mafunzo manne kwa waandaaji. La kwanza, kamba isizungushwe kiganjani, kwenye kifundo cha mkono wala kiunoni kwa namna yoyote. Anayezungusha kamba hupata uhakika wa kushika na hupoteza uwezo wa kuachia, na kamba inapokazwa ghafla humbana kabla hajatambua. Mtoto anayevuta kamba shuleni ndiye anayefanya kosa hili mara nyingi, hivyo walimu wanapaswa kulikemea kabla mchezo haujaanza.

La pili, itumike kamba nene iliyotengenezwa kwa nyuzi za asili. Kamba za nailoni hunyumbuka, na zikikatika hurudi kwa kasi kubwa. La tatu, idadi ya wavutaji isizidi iliyowekwa na kanuni. Katika mabonanza huwa kuna hamasa ya kuwaita mashabiki waongeze nguvu, na hapo ndipo kamba iliyokusudiwa watu 16 hubebeshwa mzigo wa watu 60. La nne, kamba ikaguliwe kila kabla ya mazoezi, na iliyochakaa, iliyolowa na kuoza au yenye nyuzi zilizokatika iondolewe.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kuvuta kamba hutosheleza sehemu ya pendekezo hilo kwa gharama ndogo, kwani kinachohitajika ni kamba moja nzuri, uwanja na kocha anayejua anachokifundisha. Mtumishi aliyeshika kamba ipasavyo Jumamosi jioni anapaswa kurejea ofisini Jumatatu akiwa na vidole vyake vyote 10, awe ameshinda au ameshindwa.