Farasi wa Machungani Kwenye Uwanja wa Dresaji

Marekani na Australia, wengi wanaotaka kujifunza dresaji tayari wana farasi zizini, na mara nyingi ni farasi wa machungani: Quarter Horse, Paint, Appaloosa au Australian Stock Horse. Mbegu hizi zimetumika sana katika kukusanya ng'ombe, kuwatenga na kuwazuia. Dresaji ni mchezo wa kuonyesha miondoko iliyopangwa ndani ya uwanja wa mita 20 kwa 60, au 20 kwa 40 katika ngazi za chini, ambapo waamuzi hutoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila mwondoko. Je, farasi wa machungani anaufaa mchezo huo? Kwa ngazi nyingi, anaufaa. Pale anaposhindwa, kinachomshinda ni umbo alilorithi, wala kazi ya kuchunga haihusiki.

Ili kuelewa sababu, tuanze na kinachotakiwa. Mafunzo ya dresaji hufuata mpangilio wa hatua sita uliotokana na shule ya Kijerumani: mdundo, ulegevu wa misuli, mguso tulivu wa lijamu, msukumo, unyoofu na mwishowe kujikusanya. Farasi aliyesimama hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Kujikusanya ni kuhamisha sehemu ya mzigo huo kwenda nyuma: viungo vya miguu ya nyuma hukunjwa zaidi, kwato huingia chini ya tumbo, kiuno hushuka na mabega huwa mepesi. Kazi hiyo huchukua miaka, kwa kuwa misuli na kano vinapaswa kukomaa polepole.

Sasa mtazame Quarter Horse. Chama chake cha usajili kilianzishwa Texas mwaka 1940, lakini mbegu yenyewe ni ya zamani zaidi, na jina lake linatokana na mbio za robo maili, yaani kama mita 400. Mapaja yake ni manene, kifua ni kipana, na shingo hutoka chini kifuani. Katika koo nyingi kiuno kiko sawa na mabega, au kimeyapita kidogo kwa kimo. Kwa mchungaji, umbo hilo ni faida: farasi huchomoka kwa kasi kutoka aliposimama, na kichwa hukaa chini, usawa wa macho ya ng'ombe. Kwa mpandaji wa dresaji, umbo lilelile linadai kazi ya ziada. Uzito tayari umeegemea mbele, na farasi anapaswa kuupandisha mlima kabla hajaanza kupata alama.

Kuna pia suala la mwendo. Farasi wa kazi huthaminiwa akimbeba mtu kutwa nzima bila kumtikisa wala kupoteza nguvu, ndiyo maana hatua zake ni fupi na za chini. Dresaji hutafuta kinyume cha hapo. Katika telki, mwendo ambao miguu hupiga chini kwa jozi za mkingamo, mwamuzi anataka kuona nukta ambapo kwato zote nne ziko hewani. Nukta hiyo ndiyo msingi wa telki ndefu, na ndiyo msingi wa pasaji, telki ya juu na ya taratibu inayodaiwa katika Grand Prix, ngazi ya juu kabisa. Mafunzo huboresha mwendo, lakini sehemu kubwa ya mwendo farasi huzaliwa nayo.

Hata hivyo, nguvu ya nyuma ipo. Katika mashindano ya kutenga ng'ombe, mpandaji humwingiza farasi kundini, humtoa ndama mmoja, kisha huteremsha mkono na kulegeza hatamu. Kuanzia hapo farasi hufanya kazi peke yake. Ndama akikata kushoto, farasi hukaa juu ya mapaja, kiuno karibu kuigusa ardhi, na miguu ya mbele hufagia hewani kumfuata. Mnyama mwenye uwezo huo hakosi nguvu za kujikusanya. Anachokosa ni mazoea ya kujikusanya kwa namna nyingine. Pirueti ya dresaji humtaka azunguke huku akihifadhi mapigo matatu ya shoti fupi, miguu ya nyuma ikiinuka kila hatua, utosi ukiwa juu na mdomo ukiwa katika mguso wa lijamu. Nguvu ya mara moja lazima igeuzwe kuwa nguvu ya kudumu yenye mdundo.

Katika ngazi za mwanzo na za kati, farasi huyu ana mengi ya kutoa. Kwa kawaida ana akili tulivu, hutembea kwa utaratibu, husimama tuli anapoambiwa, na hubadili mwendo bila mabishano. Alama za ngazi hizo hutegemea sana mdundo, utii na usahihi wa duara na mistari, mambo ambayo farasi wa kawaida anayepandwa vizuri anaweza kuyafanya vyema. Marekani, tangu 2010, kuna chama cha dresaji ya matandiko ya kimagharibi kinachotumia kanuni hizi za mafunzo kwa mwendo wa farasi wa machungani.

Ushahidi kwamba kuchunga si kizuizi unatoka Hispania. Farasi wa Kihispania ana historia ndefu ya kazi ya ng'ombe na fahali, lakini alichaguliwa akiwa na shingo iliyoinuka, mgongo mfupi na viungo vya nyuma vinavyokunjika kwa urahisi. Katika Olimpiki ya Athens ya 2004, Hispania ilipata medali ya fedha ya timu katika dresaji, na miongoni mwa farasi wake alikuwamo Invasor wa mbegu hiyo, aliyepandwa na Rafael Soto. Australian Stock Horse naye, ambaye chama chake kiliundwa 1971, ana damu nyingi ya Thoroughbred. Mara nyingi ana miguu mirefu na bega lililolala, hivyo hatua yake huwa huru kuliko ya Quarter Horse mzito.

Kwa hiyo anayechagua asisome cheti cha usajili peke yake. Amtazame farasi kwa ubavu, alinganishe kimo cha mabega na cha kiuno, aone shingo inaanzia wapi. Amwangalie akitembea huru: je, kwato za nyuma zinapita alama za kwato za mbele? Katika shoti, je, mapigo matatu yanasikika wazi? Farasi wa machungani anayefaulu vipimo hivi anastahili mafunzo kamili kama farasi yeyote wa Ulaya.

Na asiyefaulu pia anastahili mafunzo, ila kwa lengo lingine. Kumvuta kichwa juu farasi aliyeinama kwa umbile, ili afanane na bingwa wa picha, kunamkaza mgongo na kumuumiza viungo vya nyuma. Mkia unaopigapiga, meno yanayosagwa na hatua zinazofupika ni malalamiko yanayostahili kusikilizwa. Mpandaji mwenye heshima huishia kwenye ngazi ambayo mwili wa farasi wake unaibeba bila maumivu. Lengo la dresaji ni farasi ambebe binadamu kwa urahisi na kwa miaka mingi zaidi, na kwa kipimo hicho farasi wa machungani aliyefunzwa vizuri hadi ngazi ya kati amefanya dresaji kwa maana yake kamili.