Mikanda ya taekwondo: kila rangi na maana yake

Yamkini umekwisha kumwona mtoto wa jirani akirejea jioni kutoka mazoezini, sare yake nyeupe imelowa jasho, na kiunoni amejifunga mkanda wa manjano au wa kijani. Labda mtoto huyo ni wako mwenyewe, nawe umetakiwa utoe fedha za mtihani ili apewe mkanda wa rangi nyingine. Ni haki yako kuuliza: anapopanda kutoka rangi moja hadi nyingine, mwanao amepata kitu gani?

Taekwondo ni mchezo wa Wakorea wa kujihami kwa mateke na ngumi. Jina hilo lilipewa mwaka 1955, kwa juhudi za Jenerali Choi Hong Hi, miaka kumi tu baada ya Korea kutoka katika ukoloni wa Wajapani. Hata hivyo, desturi ya mikanda asili yake ni huko huko Japani, ambako Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alianza kuwatambulisha wanafunzi wake hodari kwa mkanda mweusi katika miaka ya 1880. Wapo wasimuliao kuwa zamani mkanda haukufuliwa, ukaanza mweupe ukaishia mweusi kwa uchafu wa miaka mingi. Hadithi hiyo ni tamu, lakini haina ushahidi. Na mzazi yeyote afuaye nguo za watoto anajua kuwa uchafu haufuati mpangilio mzuri namna hiyo.

Choi alizieleza rangi kwa mfano ambao mkulima angeuelewa upesi. Nyeupe ni hali ya mtu asiyejua kitu bado. Manjano ni ardhi, ambamo mmea huchipua na kushika mizizi. Kijani ni mmea unaokua. Buluu ni mbingu, ambazo mmea huo, sasa ukiwa mti mrefu, unazielekea.

Baada ya mbingu ungetazamia matunda. La hasha! Inakuja nyekundu, nayo maana yake ni hatari. Mwanafunzi aliyefika hapo anao uwezo wa kuumiza, ilhali hajakomaa. Kwa hiyo rangi yake inaonya pande mbili: inamtaka mpinzani ajihadhari, na inamtaka mvaaji mwenyewe ajizuie. Kwa maoni yetu onyo hili la pili ndilo zito zaidi. Mtoto wa mkanda mweupe akigombana njiani atarusha mikono ovyo kama wenziwe wote. Kijana wa mkanda mwekundu aweza kumpeleka mwenziwe hospitali kwa teke moja. Basi mwalimu akimchelewesha mwanao kupata mkanda huo kwa sababu ya hasira zake, ingawa mateke yake yanafika juu ya kichwa, usimnung'unikie. Mwalimu wa kutiliwa shaka ni yule agawaye mikanda kila ada inapolipwa.

Nyeusi ni kinyume cha nyeupe: ni ukomavu, na ni kutotishwa na giza wala woga. Lakini angalia hesabu yake. Madaraja ya mikanda ya rangi huitwa gup, nayo huhesabiwa kwa kushuka, kutoka 10 hadi 1. Anayevaa mkanda mweusi huingia katika hesabu nyingine, iitwayo dan, naye huanza tena na 1 akipanda kuelekea 9.

Usishangae ukikuta klabu nyingine ina mpangilio tofauti. Shirikisho la Choi liliundwa mwaka 1966. Lile linalosimamia taekwondo ya Michezo ya Olimpiki, ambako mchezo huu umeshindaniwa rasmi tangu mwaka 2000, liliundwa mwaka 1973, na si kila mwalimu afuataye maelezo ya Choi.

Kwa upande wa watoto, Kukkiwon, makao ya taekwondo yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972, ina utaratibu wake. Mtoto aliye chini ya miaka 15, hata akifaulu mtihani wa daraja la kwanza la juu, hapewi dan. Hupewa daraja liitwalo poom, na mkanda wake huwa nusu mweusi, nusu mwekundu. Akifikisha umri huo ndipo aweza kuomba poom yake igeuzwe kuwa dan, na ile nusu nyekundu imtoke kiunoni.