DjVu: NAMNA YA KUFUNGUA VITABU VYA PICHA VILIVYOPUNGUZWA UZITO



Wengi kati yetu tumeshapokea kwenye kle USB kitabu ambacho kinakataa kufunguka. Jina lake linaishia na .djvu, na ordinatere inasema haijui kitu cha namna hiyo. Basi mtu anakifuta, akidhani kimeharibika. Mara nyingi kitabu ni kizima kabisa. Kinachokosekana ni programu ya kukisoma. Katika ukurasa huu tunaeleza DjVu ni kitu gani, juu ya nini inakataliwa, namna ya kuifungua, na hatari moja ambayo mwanafunzi wa hesabu anapaswa kuijua.

1. DjVu ni kitu gani?

Ni namna ya kutunza picha za kurasa ili zichukue nafasi kidogo. Jina linasomwa sawa vile Kifaransa « déjà vu ». Ilibuniwa na watafiti wa AT&T Labs, kule Marekani, tangu mwaka 1996; kati yao walikuwa Yann LeCun, Léon Bottou na Patrick Haffner. Walitaka vitabu vya maktaba vipite katika intaneti, na wakati ule intaneti ilikuwa inapita katika laini za simu, polepole sana.

Tufanye hesabu. Ukurasa wa A4 ukipigwa picha kwa nukta 300 kwa kila inchi, unapata nukta 2480 kwa upana na 3508 kwa urefu, ni kusema karibu milioni 8,7. Kila nukta ya rangi inadai okteti 3. Jumla: megaokteti 26 kwa ukurasa mmoja! Kitabu cha kurasa 200 kingepita gigaokteti 5. Lakini kwa DjVu, ukurasa wa rangi wa namna hiyo unaweza kushuka mpaka kilookteti 40 ao 70, na ukurasa wa maandishi meusi peke yake mara nyingi haufiki 30. Kitabu kizima kinaingia katika megaokteti chache. Mwenye kununua mega kwa franga zake anaelewa mara moja faida yake.

Wanafanya namna gani? Fikirini karatasi ya kalke tunayoweka juu ya karata ya jiografia. Chini kuna rangi, juu kuna mistari na majina. DjVu inatenganisha ukurasa vile vile. Maandishi yanawekwa kwenye kalke ya juu, kwa nukta zote 300, juu macho yanataka herufi safi. Rangi ya karatasi na picha zinabaki chini, kwa nukta 100 hivi kwa inchi, na macho hayaoni hasara kubwa. Tena, herufi « a » inarudi mara elfu katika kitabu. Haina lazima kuichora mara elfu. Mashini inatunza umbo moja, kama muhuri, kisha inaandika tu fasi ambapo muhuri unagongwa.

2. Juu ya nini ordinatere inakataa?

Navigatere (programu ya kufungulia intaneti, kama Chrome ao Firefox) inajua picha za kawaida, lakini haikufundishwa DjVu. Zamani watu walikuwa wanatia ndani yake plagini, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya programu kubwa na kuifanyia kazi moja. Lakini plagini za namna ile zilikuwa na nguvu nyingi juu ya mashini nzima, na wezi walipata mulango wa kuingilia. Kwa hiyo Chrome ilizifunga mwaka 2015, na Firefox mwaka 2017, ikiacha ile ya Flash tu kwa muda.

Basi maelezo ya zamani yanayosema « weka plagini ya DjVu » hayana kazi tena katika programu hizo. Na kama ukurasa fulani unakuambia « plagini inakosekana, bonyeza hapa », usibonyeze. Mara nyingi ni mutego.

3. Namna ya kuweka programu

a) Ndani ya navigatere. Leo tuko na nyongeza inayoitwa DjVu.js Viewer, ya bule. Inatafutwa katika duka la nyongeza la Chrome ao la Firefox lenyewe, si pengine. Bonyeza « Ajouter », kubali, na alama yake inatokea kwenye orodha ya nyongeza. Ukibonyeza alama ile, unachagua kitabu chako nacho kinafunguka. Kisha kuiweka, inasoma vitabu vya kle hata bila intaneti.

b) Nje ya navigatere. Kwa sali yenye mashini nyingi na mega kidogo, tunaona njia hii ni bora. Mtu mmoja anashusha SumatraPDF ao WinDjView (kwa Windows), ao DjView (iko hata kwa Linux), anaitia kwenye kle, na kutoka pale inapita mashini kwa mashini. Zote ni za bule. SumatraPDF inasoma PDF pia, basi programu moja inatosha.

4. Namna ya kusoma

Kuza ukurasa mpaka herufi zionekane vizuri. Ndiyo faida ya zile nukta 300. Kwa kutafuta neno, bonyeza Ctrl na F. Ikiwa hakuna kinachopatikana, pengine aliyetengeneza kitabu aliacha picha tupu, bila kuifanya mashini itambue maneno. Kwa vitabu vya zamani vya Kifaransa vilivyo huru kwa wote, mutazame Wikisource: vingi vinatunzwa pale kwa DjVu.

5. Jambo la kuangalia sana

Ule muhuri tuliosema uko na hatari yake. Mashini ikiona maumbo mawili yanafanana sana, inaweza kutumia muhuri mmoja kwa yote mawili. Mwaka 2013, Mudachi David Kriesel alionyesha kwamba mashini fulani za Xerox, zilizotumia njia ya jamaa moja na hii, zilibadilisha tarakimu: 6 ikatoka 8, na karatasi ikaonekana safi kabisa. DjVu pia inaweza kutengenezwa kwa namna inayotunza kila nukta ao kwa namna inayounganisha maumbo, na msomaji hawezi kujua kwa kutazama tu.

Kwa hadisi ao historia, herufi moja haitatuua. Lakini kwa jedwali la logaritmi, kwa kipimo cha kemia, ao kwa mazoezi ya Examen d'État, musiamini tarakimu moja bure. Fanyeni hesabu upya, ao mulinganishe na kitabu cha karatasi.

Basi wenzetu, kle ikifika na kitabu cha .djvu, musikifute. Muwape na wengine programu ya kukisoma, kwani kitabu kisichofunguka hakina faida kwa mtu. Masomo mema kwa wote.