Indonesia na Umoja wa Ulaya: Habari Hii Yatuhusuje?

Wanachama wengi waijua Indonesia. Ndiyo asili ya karafuu, katika visiwa vya Maluku, na ndiyo iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa mpaka mikarafuu waliyoipanda wenyewe ilipozaa kwa wingi miaka ya 1980, na bei ikaanguka. Karafuu zao nyingi haziendi jikoni, bali huchanganywa na tumbaku kutengeneza sigara ziitwazo kretek. Basi nchi ile ikipatana au ikigombana na wateja wake wa mbali, yafaa nasi tutege sikio.

Umoja wa Ulaya una nchi 27, lakini katika biashara ya ng'ambo husema kwa kinywa kimoja. Ujerumani au Ufaransa haiwezi kupatana peke yake na Jakarta juu ya ushuru. Kazi hiyo ni ya Kamisheni iliyoko Brussels. Kwa hiyo mwenye kutaka soko hilo hujadiliana na wote kwa pamoja, na ndiyo sababu mazungumzo huwa marefu. Indonesia na Ulaya walitia saini mapatano ya ushirikiano mwaka 2009, yakaanza kazi 2014. Mkataba wa biashara ulianza kujadiliwa mwaka 2016, na mazungumzo yakamalizika Septemba 2025 huko Bali. Miaka tisa!

Kilichochelewesha ni magomvi. Mwaka 2019 Ulaya iliamua kuyaondoa pole pole mafuta ya mawese katika hesabu ya mafuta ya magari, kwa hoja kwamba misitu hukatwa ili michikichi ipandwe. Indonesia ikapeleka mashtaka Shirika la Biashara Duniani. Mwaka 2020 Indonesia nayo ilizuia mawe ya nikeli yasitoke nchini bila kusafishwa, ili viwanda vijengwe kwao. Safari hii mshitaki akawa Ulaya, nayo ikapewa haki mwaka 2022, lakini Indonesia ikakata rufaa kwenye baraza la rufaa ambalo halikuwa na majaji, na hukumu ikasimama hapo. Mwandishi haoni kosa katika nchi kutaka kusafisha mali yake nyumbani. Nasi twajua tofauti ya kuuza karafuu kavu na kuuza mafuta ya karafuu na ya makonyo.

Na karafuu yenyewe? Mwaka 2009 Marekani ilipiga marufuku sigara za karafuu, ikaziacha za menthol, zinazotengenezwa kwao. Indonesia ilishitaki, na mwaka 2012 ikashinda, kwa kuwa huo ulikuwa upendeleo. Ulaya ilipotunga sheria yake mwaka 2014 ilizuia sigara zote zenye ladha: nyingine tangu Mei 2016, na za menthol tangu Mei 2020. Bahati ni kwamba kretek nyingi huvutwa huko huko Indonesia. Lakini mkulima ategemeaye moshi wa sigara kwa kuuza karafuu zake ajue kwamba sheria za afya huzidi kukaza.

Yako mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 juu ya ukataji wa misitu, ambayo kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, yagusa mawese, kakao, kahawa, mpira, soya, ng'ombe na mbao. Karafuu haimo. Hata hivyo, desturi ya mnunuzi kuuliza mali imetoka shamba gani yaenea, na shamba lisilo na mipaka iliyoandikwa litapata taabu.

Pili ni ushuru. Karafuu zetu huingia Ulaya bila ushuru, kwa mpango wa mwaka 2001 wa nchi zenye maendeleo madogo, ambazo Tanzania ni mojawapo. Indonesia haimo katika mpango huo. Mkataba wao ukishakubaliwa na mabunge na kuanza kazi, ushuru utafutwa kwa vitu vilivyo vingi, na nafuu tuliyokuwa nayo juu yao itapungua. Hapo mnunuzi wa Hamburg au Rotterdam atatazama ukavu, usafi na rangi ya karafuu, na majamvi yetu ndiyo yatakayosema.