Herufi Moja Iliyopinda Damu

Chembe nyekundu moja ya damu hubeba molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270. Kila molekuli ni minyororo minne ya protini iliyokumbatiana, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146, na mpangilio wake umeandikwa katika jeni moja fupi iliyoko kwenye kromosomu ya 11. Maandishi ya jeni yana herufi nne tu, A, T, G na C, nazo husomwa tatutatu. Kwa watu wengi duniani, tatu za nafasi ya sita ni GAG, yaani: hapa weka asidi glutamiki. Kwa mamilioni ya wengine, wengi wao wenye asili ya Afrika, katikati pana T badala ya A. Seli inasoma GTG, haiulizi, inaweka valini.

Basi. Asidi amino 145 zilizobaki hazijaguswa. Ila mtu aliyerithi T hiyo kwa baba na kwa mama ana selimundu, ugonjwa ambao wengi mitaani wanauita siko seli.

Kwa nini valini ilete balaa? Asidi glutamiki ina chaji ya umeme na hupatana na maji yanayoizunguka. Valini ina tabia ya mafuta: hukimbia maji na kutafuta pa kujificha. Himoglobini ikishaachia oksijeni hujipinda kidogo, na upindaji huo hufungua kishimo kwenye molekuli ya jirani ambacho valini inakienea barabara. Molekuli ya kwanza inanasa kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, hadi ndani ya chembe kunajengeka nyuzi ngumu zinazosukuma ukuta kutoka ndani. Chembe iliyokuwa laini, yenye uwezo wa kujikunja ikapita kwenye mshipa mwembamba kuliko yenyewe, inakakamaa na kuchukua umbo la mundu. Ikifika mapafuni na kupata oksijeni hunyooka tena, lakini baada ya kupinda na kunyooka mara nyingi ukuta wake huharibika na chembe hubaki imepinda moja kwa moja. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, na hii huishi kati ya 10 na 20. Uboho wa mifupa hutengeneza damu usiku na mchana na bado haufikii mahitaji.

Mara nyingi dalili ya mwanzo huonekana kwenye vidole. Mtoto wa miezi minane, tisa, anaamka analia, viganja vimevimba kwa juu, miguu pia, ngozi imekaza na ina joto. Hataki kushikwa wala kusimamishwa. Mama anatafuta alipoumwa na mdudu au alipobanwa na mlango, na hapaoni. Kilichotokea ni kwamba chembe zilizopinda zimeziba mishipa midogo inayolisha mifupa ya vidole. Baadaye ndipo yanakuja mengine: macho ya njano, bandama inayovimba ghafla kwa kunasa damu nyingi, nimonia, maumivu ya mgongo na mapaja yanayomlaza mtu mzima kitandani, na kwa baadhi ya watoto kiharusi.

Ila angalia umri. Kabla ya miezi sita mtoto huyohuyo alikuwa mzima wa afya. Janet Watson, daktari wa watoto wa New York, aliliona hilo mwaka 1948 na akapata sababu: mtoto huzaliwa akiwa na himoglobini ya tumboni, ambayo haina mnyororo wa beta kabisa, bali ina mnyororo wa gama mahali pake. Jeni mbovu ipo tangu siku ya kwanza ila kazi yake bado ni ndogo. Likumbuke hilo, maana miaka 70 baadaye wanasayansi walilirudia.

Sayansi ya maabara iliutambua ugonjwa huu ugenini. Walter Clement Noel, kijana kutoka kisiwa cha Grenada, alikwenda Chicago mwaka 1904 kusomea udaktari wa meno. Mwisho wa mwaka huo alilazwa hospitali akiwa na kikohozi na udhaifu. Daktari mwanafunzi, Ernest Irons, alitazama damu yake kwa hadubini akaona chembe ndefu zilizopinda ambazo hakuwahi kuziona. Mkubwa wake, James Herrick, alichapisha habari hiyo mwaka 1910. Noel alimaliza masomo, akarudi Grenada kung'oa na kuziba meno ya watu, akafariki mwaka 1916 akiwa na miaka 32. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walipitisha himoglobini ya wagonjwa kwenye uwanja wa umeme, wakaona haisafiri sawa na ya watu wengine. Kwa mara ya kwanza ugonjwa ulionyeshwa kuwa ni kasoro ya molekuli moja. Katikati ya miaka ya 1950, pale Cambridge, Vernon Ingram aliikata protini hiyo vipande vipande, akavitandaza kwenye karatasi, na kukuta kipande kimoja tu kimehama mahali pake. Ndani yake ilikuwamo ile valini.

Hapo palibaki kitendawili, na jibu lake lilipatikana kwetu, Afrika Mashariki. Zamani hizo mtoto mwenye jeni mbili za selimundu aghalabu alifariki kabla ya kupata watoto. Kila kifo kama hicho huondoa nakala mbili za jeni duniani, kwa hiyo ingetarajiwa jeni ipungue kizazi baada ya kizazi hadi ipotee. Lakini miongoni mwa Waamba wa magharibi mwa Uganda, watu wapatao 40 kwa kila 100 walikutwa wakiwa nayo. Wapo waliodhani pengine badiliko hilo hutokea upya mara kwa mara. Hesabu ilikataa. Kila mmoja wetu huzaliwa na mabadiliko mapya kama 60 au 70 ya herufi ambayo baba na mama hawakuwa nayo, mengi yasiyo na athari yoyote, lakini yanatawanyika katika herufi zaidi ya bilioni tatu. Kuangukia herufi ileile, kwa kasi ya kuziba pengo la vifo vyote vile, haiwezekani.

Aliyekitegua kitendawili hicho, Anthony Allison, alilelewa kwenye shamba la wazazi wake Gilgil, katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alijiunga na msafara wa chuo hicho kwenda Mlima Kenya, akatumia nafasi hiyo kukusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi hata kukifanya njiani. Tone la damu la kidoleni huwekwa kwenye kioo, huchanganywa na kimiminika cha metabaisalfaiti kinachonyonya oksijeni, hufunikwa kwa kioo chembamba, na kingo zake huzibwa kwa vaselini hewa isiingie. Kisha unangoja. Kama jeni ipo, hata nakala moja, chembe zilizokuwa duara zinaanza kuchongoka mbele ya macho yako, moja huku, tatu kule, hadi uwanja mzima wa hadubini umejaa miundu.

Allison alipopanga majibu yake, ramani ilijichora. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kwa kila 100 walikuwa na jeni hiyo. Kwenye nyanda za juu hakufika hata mmoja kwa 100. Haikufuata kabila wala lugha. Mtoto aliyekulia Kenya hakuhitaji kuambiwa ni nini kingine kilichojaa pwani na ziwani na kuadimika milimani: mbu wa malaria.

Alirudi mwaka 1953 kuthibitisha. Karibu na Kampala alipima watoto 290 wa Kiganda. Kati ya 43 waliokuwa na jeni moja ya selimundu, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, walikuwa 113. Halafu akafanya jaribio ambalo leo kamati ya maadili ingelikalia vikao vingi: wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kwa 15 wasio na jeni, 14 walipata maambukizi. Kwa 15 wenye jeni moja, walikuwa wawili. Makala yake ya mwaka 1954 yalipingwa na wengi kabla ya kuwa mfano wa kwanza madarasani wa mageuzi ya viumbe yakifanya kazi kwa binadamu.

Mimi naona neno "jeni mbovu", ambalo hata juu hapa nimelitumia, linapotosha. Nakala mbili za T hiyo ni ugonjwa mkubwa. Nakala moja, ukiwa unaishi Kilifi, pwani ya Kenya, kabla ya vyandarua na dawa, ni kinga: inavyodhaniwa, chembe iliyoingiliwa na kimelea hupungukiwa oksijeni, hupinda, na bandama huiondoa pamoja na mgeni wake. Utafiti wa Tom Williams na wenzake uliofanyika Kilifi na kuchapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba nakala moja hupunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Utafiti mwingine wa palepale, mwaka huohuo, ulileta jambo la ajabu zaidi. Wapwani wengi wana badiliko jingine, la mnyororo wa alfa, ambalo nalo hukinga malaria. Ungedhani mwenye yote mawili amekingwa maradufu. Kumbe yakikutana, kinga hutoweka karibu yote.

Na nakala moja ukiwa unaishi Toronto haikufaidii kitu. Jeni ilisafiri na watu wake, kwa hiari au kwa minyororo, hadi Karibiani, Brazili na Marekani. Nchini Oman watafiti wameikuta ikiwa na alama za aina tatu, ya Benin, ya Kibantu, na ya Uarabuni na India, na historia ya jahazi na biashara ya utumwa ya Zanzibar imo humo ndani ya damu. Mwaka 2018 Daniel Shriner na Charles Rotimi walisoma jenomu nzima za watu wengi wakahitimisha kuwa zote zina chimbuko moja, mtu mmoja aliyeishi Afrika yapata miaka 7,300 iliyopita. Afrika Magharibi, herufi ya jirani kabisa katika tatu zilezile za nafasi ya sita ilibadilika kivyake, GAG ikawa AAG. Nayo hukinga malaria, na madhara yake ni madogo zaidi.

Sasa turudi nyumbani, kwenye vikao vya familia. Mwenye nakala moja, anayeandikwa AS kwenye karatasi ya maabara, si mgonjwa, na wengi hawajijui. AS akioana na AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye selimundu. Kila mimba, narudia. Mimba haina kumbukumbu ya iliyotangulia. Wapo waliopata watatu wagonjwa mfululizo, wapo waliopata watano wote wazima. AS akioana na asiye na badiliko lolote la jeni hiyo, hakuna mtoto atakayeugua. Kwa hiyo shangazi anayenyoosha kidole kwa mke peke yake, kwamba "ukoo wao ndio wenye damu hiyo", hajui hesabu: bila nakala ya kaka yake, mtoto yule asingeugua.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, wakikadiriwa kuwa 11,000 kwa mwaka. Hospitali ya Muhimbili, chini ya Profesa Julie Makani, ilianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa kwa maelfu. Kinachookoa maisha si maajabu: kumpima mtoto mapema, penisilini kila siku akiwa mdogo, asidi ya foliki, kinga ya malaria, maji ya kutosha, na kidonge cha haidroksiyurea.

Kidonge hicho kinafanya nini? Kinaiamsha himoglobini ya tumboni, ile aliyoiona Watson. Wapo watu waliozaliwa na jeni mbili za selimundu lakini wakarithi pia badiliko jingine linaloizuia himoglobini hiyo ya tumboni isizimwe, na watu hao huugua kidogo sana. Madaktari wameiga hilo. Tiba iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, huchukua seli za uboho wa mgonjwa, huzikata kwa CRISPR, zana ya kuhariri jeni, mahali pa jeni iitwayo BCL11A, ambayo kazi yake ni kuizima himoglobini ya tumboni, kisha huzirudisha mwilini baada ya uboho wa zamani kuondolewa kwa dawa kali. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Ile T ya nafasi ya sita haikuguswa. Ipo ndani ya seli zilezile zilizotibiwa, na ipo kwenye mayai na mbegu za uzazi ambazo tiba hii haizifikii kabisa. Aliyepona kwa dola milioni 2.2 bado atampa kila mtoto wake nakala moja.