Kaboni isiyong'aa: punguza mwangaza, usiguse nguvu



Mdogo wangu alinunua kinga ya mitumba yenye uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, wa nyuzi za kaboni. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali, Septemba 2025, alitaka yake iwe nyeusi isiyong'aa. Akachukua msasa mkavu, akasugua kwa nguvu zote. Nilipofika nyumbani, vidole vyake vilikuwa vyeusi tii. Nikamwambia: huu si uchafu, umefikia nyuzi zenyewe. Ule uma hatukuutumia tena. Ukivunjika kwenye mteremko, si kinga tu inayoharibika, ni mtu.

Kosa lake lilitoka wapi? Alifikiri kung'aa ni kitu cha kuondoa. Sivyo. Tuangalie ziwa letu. Asubuhi likitulia, unaona milima ndani yake kama kwenye kioo. Upepo ukianza, mawimbi madogo yanatawanya mwangaza, picha inapotea. Maji ni yale yale! Kaboni nayo ni hivyo: uso laini unarudisha jua machoni, uso wenye mikwaruzo midogo sana unalitawanya.

Basi kazi yote inafanyika kwenye verni ya juu, si chini yake. Nyuzi zimeshikwa na gundi ngumu, epoksi, na jua linaiharibu polepole. Verni ndiyo mwavuli wake.

Fanya hivi:

1. Osha kwa maji na sabuni. Usitumie dawa ya kutoa rangi, inaweza kula epoksi.

2. Sugua polepole kwa msasa wa maji, namba 600 kisha 800, mpaka mng'ao upotee sawasawa. Angalia maji: yakiwa meupe kama maziwa, uko kwenye verni. Yakianza kuwa meusi, na chini hakukuwa rangi nyeusi, simama hapo hapo.

3. Panguza, acha ikauke, kisha pulizia verni ya mati. Ndani yake mna unga laini unaofanya kazi ya yale mawimbi. Unga huo unashuka chini, kwa hiyo tikisa kopo vizuri. Pulizia mara mbili au tatu, nyembamba. Ukimwaga nyingi mara moja, itatoka madoa-madoa.

Fanyia nje, na mdomo na pua vifunikwe kwa maski ya kazi, juu vumbi la kaboni na moshi wa verni si vya kuvuta. Ikikauka, usipake nta: inajaza mikwaruzo na mng'ao unarudi.

Mdogo wangu sasa anatumia uma wa chuma, ule wa kawaida. Unang'aa kidogo, lakini kila jioni anafika nyumbani.